Mtoto Mwenye Kisukari, na Haki Zake juu ya Baba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeweka katika kila kiungo kazi yake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Enyi ndugu Waislamu, watu wengi wa pwani hudhani ya kuwa kisukari ni maradhi ya wazee walioshiba. Kumbe iko aina yake ishikayo watoto, hata wadogo wasiokwisha jua kusema. Wala haiji kwa kula halua, wala si kosa la mama katika mimba yake, ingawa ndilo neno la kwanza atakaloambiwa na mawifi. Asili yake ni kwamba nguvu za mwili zilizowekwa kupigana na maradhi hugeuka zikapigana na kongosho, nayo ikakoma kutoa insulini. Pasipo insulini chakula hakivinufaishi viungo, bali sukari hujaa katika damu, kisha hutoka kwa mkojo. Basi mtoto hunywa maji asikome, hukojoa kitandani naye alikwisha acha, hula na huku yuakonda. Akichelewa kutibiwa hutapika, huvuta pumzi nzito za haraka, na kinywa chake kikanuka kama matunda yaliyoiva mno. Nyumbani husemwa ni homa ya malaria, na siku zikapita, na mtoto akafa.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto huyu hakuwa na dawa. Matabibu walimpunguzia chakula hata akabaki mifupa, ili aongezewe miezi. Januari ya mwaka ule, katika mji wa Toronto nchi ya Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe. Ya kwanza haikumfaa kwa kuwa haikusafishwa vyema. Ya pili, baada ya siku chache, ilimfaa, naye akaishi miaka 13 mingine. Baadaye wako Waislamu walioiogopa kwa kuwa nyingine ilitolewa katika nguruwe. Lakini tangu 1982 yauzwa insulini itengenezwayo kwa vijidudu, isiyotoka kwa mnyama yeyote. Na hata zamani hofu ile haikuwa na nguvu, kwani wanavyuoni wa Kishafii wameruhusu kujitibu kwa najisi ikikosekana dawa tahiri.

Na tutazame hali ya mama. Kabla ya adhana ya alfajiri amekwisha mtoboa mtoto kidole apime damu. Kisha humpiga sindano. Kisha humlisha kwa kadiri ya ile sindano. Hivyo hivyo mchana, hivyo hivyo usiku. Pasipo jokofu, huiweka dawa katika chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, na baina yao mchanga uliorowa maji, kwani joto huiharibu; na barafu pia huiharibu. Mama mwerevu hamfichi mtoto maradhi yake. Humfunza kuhisabu chakula, na akipata akili humwachia sindano ajipige mwenyewe huku amemsimamia. Siku ya Idi hamnyimi kaimati mbele ya wenziwe, bali humhisabia akampa. Lakini usingizi wake hukatika-katika, kwani sukari ikishuka usiku mtoto aweza kuzimia pasipo mtu kujua.

Kushuka huku ndiko kuwadanganyako watu. Mtoto hutetemeka, hutoka jasho, husema yasiyo na maana, na jirani husema amepandwa na pepo. Huyo hahitaji ubani wala ngoma. Ahitaji maji ya sukari au asali, mara ile ile. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali.

Ama kombe na kusomewa, aliye na yakini na asome. Qurani haimwamuru mtu kuacha sindano. Lakini yuko mganga amwambiaye baba kwamba dawa ya kizungu na kombe havikai pamoja, na baba akamnyang'anya mama ile chupa. Mtoto huyo huweza kufa katika siku chache. Kuita kitendo hiki tawakali ni kumzulia Mwenyiezi Mungu, kwani Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu.

Wako pia wanaume wampao mke fedha za samaki na mchele, na fedha za sindano wakamwachia atafute kwa ndugu zake. Hawa na wajue hukumu. Katika madhehebu ya Kishafii, nafaka ya mtoto asiye na mali ni juu ya baba yake mwenye uwezo, na wanavyuoni wameingiza ndani yake thamani ya dawa na ujira wa tabibu. Basi ni wajibu wa baba, si sadaka. Hata akiwa amemwacha yule mama.

Na mwalimu wa chuo ajulishwe. Mtoto akiomba kutoka kukojoa mara ya tatu asipigwe, na sukari kidogo iwekwe karibu na msahafu wake.

Imebaki saumu. Aliye chini ya baleghe haimlazimu. Kuamrishwa kwa miaka saba ni kwa awezaye, na huyu asilazimishwe kwa aibu ya watu. Aliyebaleghe amwulize tabibu mwaminifu. Akiambiwa yuaweza na afunge, na kutoboa kidole hakumfunguzi, wala sindano ya chini ya ngozi, kwa kuwa haikupita katika tundu iliyo wazi ya mwili. Akiambiwa itamdhuru, ale. Na akihofia kuangamia, kufunga ni haramu kwake. Ikiwa hatarajii kupata nguvu ya kuilipa, atatoa kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula cha mji wake, kama mchele, kwa fakiri au maskini. Wallahu aalam.