Nyumba ya Urithi, Jasho la Nani?



Miezi ya Agosti na Septemba, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, huwa ni miezi ya kukarabati nyumba huku kwetu Kitui. Mashamba yametulia, na kila mwenye nyumba kuukuu akitazama juu huona kutu, akitazama chini huona ufa, na hukumbuka kwamba Oktoba haiko mbali. Basi ngazi huazimwa kwa jirani, mchanga huletwa kutoka mtoni, na mume na mke hufanya kazi bega kwa bega kuliko wakati mwingine wowote. Ni majira mazuri. Lakini ni majira ya magomvi pia, na mara nyingi magomvi hayo hayaletwi na simiti wala misumari. Huletwa na neno moja dogo: "yangu".

Nyumba nyingi tunazoishi hatukuzijenga sisi. Zilijengwa na wazazi wa mume, kwa matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, zikaezekwa mabati, na kijana akaachiwa pamoja na kipande cha shamba. Mke huingia humo akiwa mgeni. Miaka inapita, anazaa, anachota maji ya kukorogea simiti, anasiriba jikoni, anapanda miembe na mipapai, anachimba matuta ya fanya juu ili mchanga wa ua usichukuliwe na mafuriko. Halafu siku moja, kwa ugomvi wa jambo lingine kabisa, anaambiwa, "Kumbuka hii ni nyumba ya baba yangu."

Mama mmoja aliyeambiwa hivyo baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa aliniuliza swali ambalo nimeona lafaa kuletwa katika ukurasa huu. Hakuniuliza ni nani mwenye haki. Aliuliza, "Mwalimu, je, ni dhambi nikikumbuka yote niliyoifanyia nyumba hii?"

Wako watakaomjibu upesi kwamba ndiyo, ni dhambi, au karibu na dhambi. Watasema kwamba upendo wa ndoa hauna daftari, na kwamba anayehesabu mitungi ya maji aliyobeba amegeuza ndoa kuwa kibarua. Jibu hili lina sura ya utakatifu, nami naliheshimu, lakini nimechunguza ni nani hupenda kulitoa. Aghalabu hulitoa yule ambaye kazi yake inaonekana. Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya upendo, hesabu anayoikataza ni ile ya makosa. Hakusema popote kwamba wema uliotendewa nao usahauliwe.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mume amenunua mifuko mitano ya simiti. Anayo risiti, na fundi ni shahidi wake. Lakini mfuko mmoja wa kilo 50 huhitaji maji ya lita 25 hadi 30 kuukoroga tu. Kisha plasta hiyo, ili isipasuke, yatakiwa imwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba hivi. Simiti isiyopewa maji hubaki unga. Nani aliyeyaleta maji hayo? Hakuna risiti ya maji ya mtoni. Baada ya mwaka mmoja mgeni akija husifu, "Bwana amepiga plasta vizuri," naye bwana hukubali sifa, na wala hakusema uongo.

Jambo hilo huonekana pia katika kuchagua kitakachotengenezwa kwanza, na hapa ndugu zangu wanaume mtanisamehe. Sisi hupenda upande wa mbele. Tukipata fedha tunapaka rangi ukuta unaotazama barabara, tunaweka mlango wa chuma wenye maua, na jikoni kunabaki vilevile: dirisha dogo kama la stoo, moshi, na mama anayekohoa tangu mtoto wa kwanza. Simkatazi mtu rangi. Lakini ukitaka kujua nyumba inamtumikia nani, zunguka nyuma yake.

Chukueni mfano wa paa. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ina paa la mita za mraba 60. Kila milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mahali panapopata milimita 500 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 30,000. Tukitoa sehemu ya tano kwa yanayoruka na kumwagika, zabaki lita 24,000, yaani mitungi 1,200 ya lita 20. Punda wa mitungi minne angekwenda mtoni mara 300. Nyumba isiyo na mifereji pembeni mwa paa huyamwaga maji hayo yote chini, na huko chini hayalali bure: hurukia matofali, hula udongo wa msingi, na ule ufa unaoulaumu kila mwaka hutokea hapo hapo. Kwa hiyo mifereji na tangi humponya mama safari na huponya ukuta kwa kazi moja. Si lazima mwanzo uwe mkubwa. Tangi la lita 5,000 ni mitungi 250, na katika masika moja huweza kujaa zaidi ya mara moja. Mvua ya kwanza iachwe ipite, ioshe vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu, mbu wasizaliane.

Mengine nitayapitia haraka. Nyumba ya zamani iliyojengwa kwa udongo haipendi plasta yenye simiti nyingi. Hushika kama ganda, kisha hubanduka na kuondoka na uso wa tofali. Misumari ya mabati ibadilishwe pamoja na raba zake. Vichuguu vya mchwa ukutani vivunjwe kila wiki hadi mjue vinakotoka, na mbao mpya za milango zikiweza kuwa za mukau ni heri, kwa maana mchwa huuogopa. Na ikiwa paa lenu ni la asbesto, kama lilivyo katika baadhi ya nyumba za zamani, msilikate kwa msumeno wala msilivunje, maana vumbi lake huleta saratani miaka mingi baadaye. Ulizeni kwanza maofisa wa mazingira.

Sasa turudi kwa neno "yangu". Kuna jibu la pili, nalo ni la sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, yasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikafuata. Hiyo inakubali kwamba mali iliyorithiwa kabla ya ndoa haiwi mali ya ndoa kwa sababu ya ndoa tu. Lakini inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mwenzi akichangia kuiboresha mali ya mwenzake, anapata haki ndani yake kwa kadiri ya mchango wake. Na mchango, kwa sheria hiyo, si fedha pekee. Kulea watoto, kazi za nyumbani, kulima shamba, hata kuwa mwandani wa mwenzako, vyote vimetajwa. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba usawa huo haumaanishi kila mmoja achukue nusu bila kuulizwa. Mchango wa kila mmoja hutazamwa.

Najua mtasema kwamba sheria hizo ni za watu wanaoachana, nasi ndoa yetu haivunjiki. Kweli. Lakini kifo kipo hata katika ndoa takatifu. Sehemu nyingi za Kitui na Makueni shamba bado lina jina la babu, au halijapata hati kabisa. Mume akifa, mkewe hubaki katika nyumba ambayo karatasi zinaonyesha ni ya mzee aliyezikwa zamani, na shemeji zake ndio hukaa kikao. Hapo sheria ya 2013 haimsaidii kirahisi, kwa kuwa nyumba haikuwa hata ya mumewe. Waliomwona akibeba mchanga wamezeeka au wamehama. Mume anayesema "nyumba ya baba yangu" kwa hasira ya dakika tano anawafundisha watoto na ndugu zake neno watakalolitumia yeye akiwa kaburini. Hapo ndipo naona uzito wa jambo hili, kuliko machozi ya siku ile.

Hata hivyo nisimwonee mume. Asemapo ni nyumba ya baba yake, anasema jambo la kweli na pengine la huzuni. Anamkumbuka mzee akikanyaga udongo na kupanga tanuru, na huenda anaogopa kwamba kila tofali linalobadilishwa linamfuta. Wengine wao wako Nairobi au Mombasa mwaka mzima, wanalipa mabati ya nyumba wanayolala siku kumi za Krismasi. Kazi yao nayo haionekani. Mke akiwaambia majirani "nyumba hii nimeijenga mimi", amefanya kosa lile lile kwa upande wa pili.

Lakini mume huyo na amwulize mama yake, kama yu hai, tanuru lile liliwakaje. Ataambiwa kwamba watu wa mwethya walikuja, wakakusanya kuni, na kwamba yeye mama alichota maji ya udongo na kupika isyo la watu wote siku zile. Nyumba ya baba haikuwa ya baba peke yake hata siku ilipoezekwa. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, wametajwa waliotengeneza ukuta wa Yerusalemu, kila mtu na kipande chake, wengi wao mbele ya nyumba zao wenyewe. Katikati ya orodha hiyo ndefu ya wanaume yuko Shalumu mwana wa Haloheshi, naye mwandishi hakukubali kumtaja peke yake. Ameandika kwamba alifanya kazi pamoja na binti zake. Ni maneno machache tu, lakini mtu fulani aliona kwamba bila hayo habari isingekuwa ya kweli.

Kwa hiyo nilimjibu mama yule kwamba kukumbuka si dhambi, ila kazi ya kukumbuka imeangukia mtu asiyestahili kuibeba. Anayetoa kwa upendo angependa kusahau. Anaweza kusahau kwa amani ikiwa aliyepokea anakumbuka kwa niaba yake. Mke akilazimika kuhesabu mitungi yake mwenyewe, ni kwa sababu hakuna mwingine aliyeihesabu. Na mume akilazimika kutaja fedha zake kila jioni, ni kwa sababu hiyo hiyo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, alitaka kazi ya mwanamke nyumbani itambuliwe na kuheshimiwa na wote. Na mimi naona mtu wa kwanza katika hao wote ni yule anayelala kitanda kimoja naye.

Nawashauri wenye nyumba kuukuu wawe na daftari la nyumba. Liandikwe siku tangi liliposafishwa, mbao zilipopakwa dawa, mifuko iliyonunuliwa, na pia ni nani aliyechota, aliyesiriba, aliyechimba mashimo ya miembe, na kwa siku ngapi. Kila mmoja aandike kazi ya mwenzake, si yake. Rafiki yangu mmoja alinipinga, akasema hilo ni kuleta mahakama chumbani. Mimi nadhani mahakama huja pale ambapo hakukuandikwa kitu, lakini wasomaji mnaweza kuwa na maoni mengine. Na mambo ya hati ya shamba yasingoje kilio: mzee akiwa bado hai agawe, mipaka ipimwe, na mke awepo kikaoni akisikia kwa masikio yake.

Oktoba inakaribia. Mifereji izibuliwe majani na viota kabla ya wingu la kwanza, mmoja juu ya ngazi na mwenzake akiishikilia chini, na jioni hiyo aliyekuwa juu aandike jina la aliyeshikilia.