Amana Isiyokabidhiwa

Vitu ambavyo mtoto aliyekwishajitegemea huviacha kwa wazazi viko katika hali ya pekee ya umiliki: mwenyewe hayupo, anayevitunza si vyake, na hakuna aliyemkabidhi mwenzake kitu. Tranka la bati la shule ya bweni, madaftari ya Kidato cha Nne, godoro, cherehani, bahasha ya vyeti, vyote husogezwa uvunguni au kwenye kona ya chumba "kwa muda tu", na muda huo ukawa miaka.

Swali la kwanza ni kama vitu hivyo vimetelekezwa. Wanasheria wa Roma ya kale walitofautisha kitu kilichopotea na kilichotupwa. Kilichopotea kilibaki cha mwenyewe. Kilichotupwa kwa nia ya kuachana nacho kilikuwa halali ya wa kwanza kukitwaa. Umbali peke yake haukutosha, ilitakiwa nia. Aliyehamia Mwanza akaacha tranka Tanga kwa kawaida hana nia ya kulitupa. Shida ni kwamba hana nia ya kulichukua pia.

Dhana ya amana inakaribia zaidi. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, amana ya namna hii, wadia, humpasa mtunzaji kuirudisha inapodaiwa, lakini ikiharibika bila uzembe wake halipi fidia. Ni kanuni ya haki, ila msingi wake ni makubaliano: mmoja ameomba, mwingine amekubali. Mzazi hakuombwa. Alijikuta tu ana stoo.

Na stoo ina kazi. Paa likivuja wakati wa masika, mama ndiye anayeliinua tranka juu ya matofali. Mchwa wakipanda, ndiye anayetoa madaftari, kuyakung'uta, kuyaanika juani na kuyarudisha kwa mpangilio uleule, ingawa hakuna atakayeyasoma. Mwanafalsafa John Locke, katika kitabu alichokichapisha 1689, alieleza kuwa mtu hupata mali kwa kutia jasho lake katika kitu kisicho na mwenyewe. Hoja hiyo haimpi mama tranka, kwa kuwa lina mwenyewe. Inachoonyesha ni pengo: haki iko Mwanza, jasho liko Tanga.

Isidhaniwe kwamba mzazi hafaidiki. Anayelalamika kila sikukuu, "njooni mchukue vitu vyenu", kisha akanuna siku vinapochukuliwa kweli, si kigeugeu. Kwake vitu hivyo ni uthibitisho kwamba mtoto bado ana pa kurudi, na mtoto naye huviacha kwa sababu hiyohiyo, hata asipoisema. Lakini mjukuu akikosa pa kulala kwa ajili ya godoro la mtu asiyekuja, hapo imekwisha kuwa dhuluma, ndogo lakini dhuluma.

Umiliki ni fungu la haki: kutumia, kuzuia wengine, kuuza, hata kuharibu. Asiyekitumia kitu wala kubeba mzigo wa kukitunza hapotezi fungu lote, ila mbele ya anayemtunzia amebakiwa na moja tu la maana, nalo ni haki ya kuulizwa. Mzazi anadaiwa taarifa na muda wa kujibu. Hadaiwi nafasi isiyo na mwisho. Jibu lisipokuja, madaftari yanaweza kwenda na godoro likapewa anayelilalia. Vyeti ni suala jingine: havijazi chumba, na usaili wa ajira serikalini hutaka cheti halisi, si nakala.

Ugumu huzidi mzazi anapofariki. Msimamizi wa mirathi hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali za marehemu, na kilichokutwa nyumbani mwake ni rahisi kudhaniwa kuwa chake. Mtoto anayesema cherehani ni yake, aliiacha tu, itambidi athibitishe mbele ya ndugu ambao wana fungu katika kila atakachoshindwa kukithibitisha.