Nyumba Imeachwa, au Kuna Mtu Alifukuzwa?

Somo: 1 Wafalme 21



Vijana wetu siku hizi wana kamera, na kuna swali wanaliuliza: je, ni dhambi kuingia kwenye nyumba kubwa iliyoachwa huko mashambani na kuipiga picha? Hawaibi kitu, wanasema. Hawatoi hata msumari.

Swali ni zuri, tusiwakaripie. Nyumba kama hizo hupendwa sana na wapiga picha wanaotumia mwanga wa infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. William Herschel aliugundua Uingereza mwaka 1800. Aliweka kipimajoto kando kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua, mahali ambapo jicho halikuona mwanga wowote, na joto likapanda. Rimoti ya TV yako inautumia mwanga wa aina hiyo. Sasa, kamera iliyotengenezwa kuupokea inaonyesha majani mabichi yakiwa meupe kama pamba na anga ikiwa nyeusi. Nyumba iliyobomoka inapendeza ajabu.

Na picha hiyo haidanganyi. Jani linaurudisha mwanga huo kweli, ni jicho letu tu haliufikii. Lakini mpendwa, jiulize: kwa nini majani yamejaa hadi mlangoni? Kwa sababu hakuna miguu ya kuyakanyaga, wala mbuzi wa kuyala. Uzuri wa picha hiyo umetokana na watu kutokuwepo. Na kamera, hata ione mwanga uliofichika namna gani, haiwezi kukuambia wameenda wapi.

Ziko nyumba ambazo hakuna aliyeonewa zilipobaki tupu. Kule Njoro, Lord Egerton alianza kujenga jumba lake mwaka 1938, likaisha 1954. Akafa 1958, hakuwa na mke wala mtoto. Leo watu wanalipa kuingia, na maharusi wanapiga picha pale. Hata hapa kwetu, Migori na Homa Bay, kuna gunda za wazee waliohama wakajenga boma jipya. Hakuna neno.

Lakini ziko nyingine. Mume amekufa, matanga yameisha, ndugu zake wamekuja na maneno makali. Mjane ameambiwa arudi kwao, na watoto wamefuata nyuma na magodoro. Baada ya miaka michache tunapita hapo tukisema, "Ile nyumba iliachwa." Iliachwa na nani? Ndimi zetu zimeosha mikono ya mtu.

Mkumbukeni Nabothi. Siku Ahabu aliposhuka kulitwaa shamba la mizabibu, hakumpora mtu pale shambani. Halikuwa na mtu! Mwenyewe alikuwa ameshapigwa mawe hadi kufa. Ungepiga picha siku hiyo, ungeona mfalme akitembea kati ya mizabibu mizuri, basi. Ni Eliya aliyetumwa na Mungu kuja kumuuliza habari za damu.

Kwa hiyo vijana, jibu ni hili. Usiingie kabla hujaomba ruhusa, kwa maana nyumba ina mwenyewe hata kama paa limeanguka. Ukiisha kuruhusiwa, uliza jirani ni nani aliishi hapo. Pengine mama huyo yuko hai, anauza omena sokoni, au mtoto wake anaponda mawe ya dhahabu hapa Osiri. Mpelekee picha. Keti umsikilize.

Na sisi watu wazima? Kijana anaingia na kamera kwa saa moja. Wale ndugu wanalima shamba la mjane miaka kumi, na kanisani tunawapa viti vya mbele. Kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi. Serikali imeandika hivyo. Kanisa linasema nini?

Isaya 58 inawasifu watu wanaotengeneza palipobomoka ili pakaliwe tena. Huo ndio wito wetu. Wiki hii, ukipita karibu na nyumba iliyofungwa, uliza jina la aliyeishi humo. Ukilipata, mtafute. Na kama alifukuzwa, mwende pamoja naye, wewe na wazee wa kanisa, kwa chifu.

Mungu wa wajane na yatima atupe macho. Amen.