Ondoka Kijiweni, Ndugu wa Nyasubi!

Ndugu yangu wa Nyasubi, unangoja nini kujiunga na kikundi cha kuweka na kukopa? Umeshasikia, umeshaona, umeshakubali moyoni. Miguu tu ndiyo haijaondoka!

Tazama unaoshinda nao. Ukishinda na wanaobeti, utabeti. Ukishinda na wanaosimulia duara lililotema dhahabu jana huko Geita, utauza cherehani ulifuate. Ukishinda na wanaonunua mpunga wakati wa mavuno na kuuweka stoo, nawe utaanza kuulizia bei ya gunia!

Usiniambie huna dhamana ya mkopo! Mama muuza nyanya wa mtaani kwako naye hakuwa nayo. Aliingia kikundi, akanunua hisa kila wiki, akakopa kwa watu wanaomjua. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Akichelewesha rejesho, kwanza wanamuuliza kama mtoto anaumwa. Kisha wanamdai, naye analipa, maana kesho atakutana nao sokoni. Kina mama wa Maradi, Niger, walianza hivyo mwaka 1991, wengi wao bila kujua kusoma. Wewe unayesoma haya unashindwa nini?

Badala yake unakimbilia mikopo ya kausha damu! Unaweka rehani kadi ya benki, unaweka rehani televisheni, unaweka rehani usingizi wa nyumba nzima. Toka huko, toka sasa!

Lakini usifuate kila anayekuita. Upatu wa DECI uliwaambia watu wapande mbegu wavune. Rafiki akamvuta rafiki, muumini akamvuta muumini, mpaka Serikali ikauzuia mwaka 2009, na akiba za watu zikakwama. Anayekupenda anaweza kukuponza! Kikundi kisichokuonyesha daftari, kikimbie.

Na usijifariji kwamba dhahabu ipo. Buzwagi ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu, ukafungwa mwaka 2021. Wangapi walikuwa wakiutegemea, na leo wanategemea nini?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kikundi chako kiko wapi?

Usiseme Januari. Usiseme baada ya mavuno. Usiseme nikipata kwanza! Funga kibanda nusu saa, mtafute katibu wa kikundi cha mtaani kwako, uliza hisa moja ni shilingi ngapi. Nenda leo, ndugu yangu, nenda!