Anayeweza Kutazama Hana Udhuru wa Kudhani

Je, mtu ana haki ya kudhani jambo ambalo angeweza kulichunguza? Wanafunzi wangu hapa Rumonge, Burundi, huniuliza maswali mazito, ya kadari na ya uadilifu wa Mungu, lakini mimi naona hili ndilo linalotuumiza kila siku.

Kompyuta ya darasa letu la jioni inatumia Ubuntu. Kwa muda mrefu Wi-Fi yake ilikuwa ikijikokota, na washitakiwa walipatikana upesi. Mmoja aliilaumu kampuni inayotuuzia intaneti. Mwingine aliulaumu umbali wetu na bahari, kwa kuwa nchi yetu haina pwani ya bahari na lazima ipitie kwa majirani kuzifikia nyaya za baharini za Dar es Salaam na Mombasa. Wa tatu aliniinamia: "Mwalimu, ni yule kijana wa jirani. Anayo nywila yetu, ndiye anayetumaliza." Hakuna aliyekumbuka kwamba saa za darasa kijana huyo yuko ziwani na taa zake, anavua ndagala.

Niliwaambia tuanze na kilicho karibu. Tuliitumia ruta ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima muda wa jibu, na ruta yenyewe imo chumbani humo humo. Jibu lilipaswa kurudi kwa milisekunde chache, lakini lilichukua zaidi ya 200. Basi ucheleweshaji ulikuwa humu humu ndani, kabla ya kampuni, kabla ya Dar es Salaam. Tukaiuliza kadi ya Wi-Fi hali yake kwa amri ya iw, ikajibu kwamba imewekwa kubana umeme. Kadi ya namna hiyo husinzia ili betri idumu, na ruta huishikilia mizigo yake mpaka iamke. Katika faili la NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, tulikuta mstari huu: wifi.powersave = 3. Namba 3 huwasha usingizi huo, 2 huuzima. Binti mmoja alibadilisha namba, akaanzisha huduma upya, na majibu yakaanza kurudi kwa milisekunde tatu.

Tuliweza kufika kwenye mstari ule kwa sababu kuna watu walioshikilia kwamba mtumiaji asifungiwe mlango. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds akaanza kusambaza Linux mwaka 1991; Ubuntu yetu imejengwa juu ya kazi hizo. Wengi huisifu programu huria kwa kuwa ni ya bure. Mimi naiheshimu kwa kuwa inatuondolea kisingizio: mlango ukiwa wazi, anayeendelea kushutumu akiwa nje amechagua mwenyewe.

Sura ya Al-Hujurat katika Qurani nayo inatuagiza tuhakikishe habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga, na inatuonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Siwezi kulinganisha intaneti na damu. Lakini machafuko ya mwaka 1972 yalianzia kwenye pwani yetu hii ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na katika mauaji yaliyofuata nchi nzima watu wengi walichukuliwa kwa kushukiwa tu, hawakusikilizwa. Ulimi unaomhukumu jirani kwa sababu ya nywila unajizoeza hukumu ya namna ile ile.

Kuna atakayesema: si kila kitu hufunguka. Ni kweli. Hata ndani ya Linux, kadi nyingi za Wi-Fi huendeshwa na programu ndogo ya kiwanda ambayo msimbo wake umefungwa, na moyo wa binadamu umefungwa zaidi. Lakini kutoona hakumpi mtu ruhusa ya kubuni. Panapofunguka, tuna wajibu wa kutazama; pasipofunguka, tuna wajibu wa kuzuia hukumu na kusema tu kile tulichopima.

Ndiyo maana sasa, mwanafunzi akiniletea lawama dhidi ya mtu, humuuliza amepima nini. Kama hajapima, namrudisha akapime kwanza, na jina la aliyemshuku halitajwi darasani.