Aliyetaka Kurudisha Vyote kwa Msimu Mmoja

Mkulima wa kisa hiki ni wa kutungwa, lakini majanga yaliyompata hayakutungwa. Wadudu, bei na miaka nitakayoitaja ni ya kweli, na yeyote aliyelima mahindi katika uwanda wa Ufipa kuanzia 2017 atamtambua mtu huyu. Wengine watajitambua. Tumweke Mwazye, wilayani Kalambo, mkoani Rukwa, tumpe ekari sita, plau moja na maksai wawili. Kwa Ufipa huyo si tajiri wala si fukara. Ana mke, ana watoto shuleni, na mwaka ukiwa mwema hubakiza magunia ya kula na ya kuuza.

Mapema 2017 aliingia shambani asubuhi akakuta mioyo ya mahindi imetobolewa, imejaa unga mfano wa vumbi la mbao. Akaufungua mmea mmoja kwa vidole. Ndani alikuwemo kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi karibu na mkia. Viwavijeshi wa zamani wazee waliwajua: huja kwa makundi, wakala, wakapita. Huyu alikuwa mwingine. Asili yake ni Amerika, Afrika Magharibi ilimwona mwaka 2016, na Rukwa ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kuvamiwa. Mkulima wetu alinyunyizia dawa jua likiwa utosini, saa ambayo mdudu amejichimbia ndani ya moyo wa mhindi na dawa haimfikii. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Mavuno yakapungua, na hata hayo machache hayakupata soko, kwa sababu katikati ya mwaka huohuo serikali ilizuia mahindi yasiyosagwa kuuzwa nje ya nchi. Kwa mkoa ambao mahindi yake hutafuta njia ya Tunduma, zuio hilo lilikuwa kama mlango kufungwa mtu akiwa na mzigo kichwani.

Alivumilia. Akajua kunyunyizia alfajiri na jioni, akajua kupanda mapema, akainuka kidogo. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, lakini habari ya kufungwa mpaka ilikuwa imekwisha kufika kijijini, na dalali aliyekuja kupima debe aliitumia vizuri. Kabla mwaka haujaisha, mbolea ikapanda. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ukavuka shilingi 100,000, fedha ambayo mkulima wa ekari sita hawezi kuitoa mara moja na bado akalipa ada za watoto.

Mpaka hapo sioni kosa lake. Kosa linaanza usiku mmoja wa Oktoba 2021, alipokaa akapiga hesabu ya vyote alivyopoteza tangu 2017, akajumlisha, akaona jumla. Jumla ile ndiyo iliyompoteza. Mtu akishaitazama hasara ya miaka minne kama deni moja, hutafuta njia moja ya kulilipa, na njia hiyo sharti iwe kubwa. Akaamua kwamba msimu unaokuja utarudisha vyote. Aliwauza maksai. Akakodi ekari kumi nyingine. Akachukua fedha kwa dalali kwa ahadi ya kulipa mahindi wakati wa mavuno, yaani aliyauza kabla hayajapandwa, kwa bei aliyoipanga mwenye fedha.

Mkewe alimwambia, “Baba watoto, bila ng’ombe tutalimaje ekari kumi na sita?”

“Tutakodi.”

“Kila mtu atakuwa analima ya kwake kwanza.”

Ikawa hivyo. Mvua za Novemba zilipoanza, wenye maksai walilima mashamba yao, na zamu yake ikafika Januari. Mbolea iliyotosha ekari tano aliitawanya ekari kumi na sita. Mahindi yaliyopandwa nyuma ndiyo yanayokuta viwavi wamekwisha kuzaliana katika mashamba ya wengine, wanahamia kwenye majani mateke. Wakati wa mavuno dalali alikuja na magunia yake, akayajaza lumbesa mpaka shingo ya gunia ikashonewa wavu wa kamba, na deni halikuisha.

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu watu husema mkulima kama huyu aliangushwa na bahati mbaya. Mwaka 2017 ndiyo, na 2021 pia. Mwaka 2022 aliangushwa na hamu ya kufidia. Ni hamu inayovaa sura ya ujasiri, na majirani huisifu: huyu hajakata tamaa, mwone alivyopanua shamba! Kumbe aliyekata tamaa kabisa hufanya moja kati ya mambo mawili, ama asifanye kitu ama afanye kila kitu kwa mpigo, na yote mawili hutoka chungu kimoja.

Lililofuata ndilo linaloniuma zaidi. Mwanzoni mwa Agosti 2022 aliacha kwenda kwenye mikutano ya kijiji. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akarudi kabla watu hawajasalimiana. Akaanza kumtilia shaka jirani yake, mzee ambaye mahindi yake yalikuwa yamesimama vizuri ng’ambo ya mpaka wa shamba. Mganga alimthibitishia shaka hiyo kwa malipo ya mbuzi. Na mwezi huohuo, siku ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea iliyoshusha mfuko wa DAP, ile mbolea ya kupandia, hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Uandikishaji ulifanyika vijijini, na aliyeandikwa alipata namba yake ya kununulia. Jina la mkulima wetu halikuwemo. Nafuu aliyoililia ilipita mlangoni kwake, na yeye hakutoka nje.

Ufipa una tabia mbili za kukabili kushindwa, na zote zina historia. Kabla ya chuma cha dukani kuifuta kazi ya uyeyushaji katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, yaliyofika urefu wa kama mita tatu. Mabaki yake na mavi ya chuma bado yanaonekana sehemu mbalimbali za uwanda. Tanuru lilipotoa takataka badala ya chuma, wayeyushaji waliuliza ni nani aliyevunja mwiko. Lakini mafundi haohao walijua pia kwamba hata tanuru refu likifanikiwa, kinachotoka bado hakifai kufulia jembe. Kwa hiyo walijenga tanuru dogo la pili, la kusafishia kile ambacho la kwanza limetoa kichafu. Hatua ya pili ilikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo, wala haikuwa aibu. Mkulima wetu alirithi swali la mwiko, akaliacha tanuru la pili.

Aliyemtoa ndani alikuwa shangazi yake. Machi 2023, mvua zikielekea kuisha, alifika na jembe begani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Mgongo unaniuma. Njoo unisaidie ntumba mpaka jua likolee, halafu urudi ulale.”

Hakumuuliza habari ya deni, hakumtia moyo, hakumpa methali. Mpwa alikwenda kwa kuwa kumkatalia shangazi ni vigumu kuliko kuinuka. Ntumba ni kazi ya kale ya Wafipa: unakata majani, unageuza tabaka la juu la udongo pamoja na mizizi yake, unalikunja kuelekea ndani, unalirundika duara mpaka majani yote yamefunikwa. Hapo hupandwa maharage au maboga, na majani yanaoza chini kwa chini. Mvua za mwaka unaofuata zikija, rundo husambazwa, shamba likapandwa ulezi au mahindi. Haihitaji mkopo, wala maksai. Na kila tuta likikamilika, limekamilika. Mtu anaweza kuliona na kulihesabu.

Siku ya kwanza hakupata ari yoyote. Alipata malengelenge. Kesho yake alikwenda tena kwa sababu shangazi alikuwa ameacha jembe lake mlangoni kwa mpwa, kwa makusudi nadhani. Wiki ya pili alikuwa akipiga matuta katika shamba lake mwenyewe, na mkewe akidondosha maharage nyuma yake.

Hapa wengi wetu tunakosea, na viongozi wa vijiji, wachungaji na ndugu wa mjini hukosea zaidi. Tunamwambia aliyeanguka atafute kwanza moyo, kisha afanye kazi. Tunamngojea apate ari kama tunavyongojea mvua. Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walionyesha, kwa majaribio ya mbwa, kwamba mnyama aliyepata maumivu asiyoweza kuyazuia huacha kujaribu hata njia ya kutoka inapokuwa wazi. Wakasema amejifunza kutoweza. Baada ya karibu miaka 50, mwaka 2016, wawili hao waliandika kwamba uchunguzi wa ubongo umewageuza: kunyong’onyea mbele ya maumivu ya muda mrefu ndiyo hali ya asili ya kiumbe, na kinachofundishwa ni kuona kwamba tendo lako linabadilisha kitu. Nikisoma hilo naona kwa nini hotuba isingemsaidia mkulima wetu na tuta la udongo lilimsaidia. Hotuba ingemwambia anaweza. Tuta lilimwonyesha.

Zimbabwe wamelifanya jambo hili kuwa tiba. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza waliolemewa. Bibi hamwachi mgonjwa atatue maisha yake yote. Anamsaidia kuchagua tatizo moja, kisha hatua moja ya wiki hiyo, na akirudi anaulizwa imekuwaje. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Shangazi wa Mwazye hana benchi, lakini alifuata utaratibu uleule: jambo moja, dogo, leo, na kesho nitakuja kuona. Ningependa kila kijiji cha Kalambo kimtambue mtu wa namna hiyo na kumpa heshima sawa na ya bwana shamba.

Nisiseme maharage yalimtajirisha. Yalilisha nyumba na kupunguza deni la dalali, na sehemu ya deni ikabaki. Maksai hawakurudi. Faida kubwa ilikuwa kwamba sasa alikuwa anatoka nyumbani kila asubuhi, na mtu anayetoka hukutana na watu. Alimkuta mtendaji wa kijiji akajiandikisha ruzuku. Na kabla ya mvua kuanza alikwenda kwa yule mzee jirani, jambo ambalo naamini lilihitaji nguvu kuliko kulima ekari kumi na sita.

“Mzee, nilikuwekea neno baya moyoni, na nikalisema kwa watu. Naomba unisamehe.”

Mzee alimwacha asimame kitambo. “Lilinifikia,” akasema. “Mke wangu lilimliza. Utamwambia na yeye.”

Alimwambia. Ndipo wakazungumza habari ya kulima. Mzee ana ng’ombe, vijana wake wamekwenda Sumbawanga mjini kutafuta kazi, na mgongo wake hauwezi tena kushika plau. Walikubaliana kwamba mkulima wetu atalima siku mbili kwa mzee na siku moja kwake, nyasi za ng’ombe atakata yeye, na mkewe awe shahidi wa mapatano. Ekari nne zilipandwa kabla Desemba haijaisha. Mbili akaziacha zipigwe ntumba.