Snokeli, Mto na Tawakali

Kusini mwa Marekani, kwenye vinamasi vya Louisiana na viwanja vya tope vya Texas na Florida, mwenye pikipiki ya magurudumu manne huianza kazi ya kuiandaa ipite majini katika duka la vifaa vya mabomba. Hununua bomba la PVC la inchi mbili, elbo kadhaa, klipu za kukazia na silikoni. Akirudi nyumbani hung'oa kiti, hutafuta mdomo wa boksi la chujio la hewa, na kuuendeleza kwa bomba mpaka usawa wa usukani. Hiyo ndiyo snokeli. Wazo lenyewe ni la zamani: katika miaka ya 1930 afisa wa jeshi la majini la Uholanzi, Jan Jacob Wichers, alibuni bomba la kuiwezesha nyambizi kuvuta hewa ikiwa chini ya maji, na Wajerumani wakaja kulitumia katika Vita vya Pili vya Dunia.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni moja. Pistoni inapopanda hubana hewa, na hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Yakiingia kwenye silinda wakati injini inazunguka, pistoni hugonga kitu kisichosogea, konrodi hupinda, na mara nyingine huvunjika na kutoboa bloku. Injini nzima huharibika kwa funda dogo la maji.

Fundi makini haishii kwenye injini. Nyingi ya pikipiki hizi huendeshwa kwa mkanda uliofungiwa ndani ya kasha linalopoozwa kwa upepo, na mkanda ukilowa huteleza. Mashine huunguruma katikati ya maji bila kwenda popote. Kwa hiyo kasha nalo hupewa mabomba yake, moja la kuingiza hewa na moja la kuitoa. Kisha kuna vijipira vyembamba vya kupumulia vya giaboksi na difu. Difu yenye joto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu na mdomo wa kijipira, nayo maji yakaingia kwenye oili. Hivyo vyote hupandishwa juu.

Swali linalozaliwa hapo ni la kale kuliko injini. Mtu anayejiwekea kinga ili apite mahali pa hatari, je, anatumia akili aliyopewa na Mola wake, au anamjaribu?

Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili kwa kina katika kazi yake kubwa, Ihya, kwenye kitabu cha tawhidi na tawakali. Aliwapinga waliodhani kwamba kumtegemea Mungu ni kuacha kila sababu. Sababu, kwake, hazina uzito sawa. Zipo za yakini, kama kunyoosha mkono kukifikia chakula, na anayeziacha hizo akangoja chakula kimfuate ni mpungufu wa akili, wala si mcha Mungu. Zipo za kudhaniwa, na zipo za kuwaziwa tu. Ameigusa pia hatari ya maji: kulala kwenye njia ya mafuriko bondeni, au chini ya ukuta ulioinama, amekuhesabu kuwa ni kujitia maangamizini, na kumekatazwa. Msimamo huo unakwenda sambamba na hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ambamo Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Na katika Injili ya Mathayo, Yesu alipotakiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa.

Kwa kipimo hicho, kuifunga snokeli hakuna kasoro ya imani. Ni kumfunga ngamia. Lakini Ghazali anamdai fundi jambo la ziada: ajue sababu yake ina nguvu kiasi gani, na inafanya kazi juu ya kitu gani.

Hapo ndipo kazi ya mikono inapoonyesha thamani yake. Mwaka 1710 mwanafalsafa wa Napoli, Giambattista Vico, alitetea wazo kwamba mtu hukijua kikamilifu kile alichokitengeneza mwenyewe. Kipimo cha snokeli kinamuunga mkono. Baada ya gundi kukauka, fundi huwasha injini, kisha huziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini ikizimika, viungo ni vizima. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inapoiba hewa, na panapopita hewa maji nayo yatapita. Anayefanya jaribio hilo anaujua udhaifu wa kila elbo. Anajua pia kwamba bomba refu na jembamba huinyima injini hewa, na kwamba kabureta huenda ikahitaji kurekebishwa. Aliyenunua mashine ikiwa tayari hana elimu hiyo. Ana imani tu kwa mtu asiyemfahamu.

Hata hivyo, elimu hiyo ni ya injini, si ya mto. Hili ndilo linalopaswa kusemwa kwa sauti kubwa zaidi. Snokeli huilinda sehemu moja ya chombo, lakini ujasiri inaoutia humwenea dereva mzima. Pikipiki ya kilo 300 huelea mara inapozamisha ujazo wa lita 300, na magurudumu yake mapana yaliyojaa hewa huifikisha huko mapema. Ikielea, haina mshiko. Maji yanayokwenda kasi mara mbili husukuma kwa nguvu mara nne. Bomba lililofika usawa wa usukani halina neno lolote juu ya hayo. Injini inaweza kuendelea kupumua vizuri kabisa huku mwenyewe akichukuliwa na mkondo.

Afrika Mashariki inalijua somo hili kwa msiba. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya Wakatoliki na wenzao waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 walifariki. Walikuwa waumini katika safari ya heri, na hakuna anayestahili kuipima imani yao kwa yaliyowapata. Mto hausukumi kwa kuangalia nia ya msafiri.

Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman wa Chicago alidai kwamba madereva waliowekewa vifaa vya usalama hujiongezea hatari hadi faida ya vifaa hivyo ipotee. Wataalamu wengi wamempinga juu ya ukubwa wa athari hiyo, na kwa haki. Mikanda ya usalama ya magari imeokoa maisha mengi. Lakini onyo lake linafaa kwenye snokeli kuliko kwenye mkanda, maana mkanda humshika mtu, na snokeli haimshiki mtu yeyote.

Basi anayetengeneza snokeli, huko Louisiana au kwenye gereji ya Arusha inayohudumia magari ya safari, aongeze kazi moja ya dakika chache. Achukue rangi, achore mstari ubavuni mwa chombo, chini sana ya mdomo wa bomba, mahali ambapo magurudumu bado yanaikanyaga ardhi kwa uzito. Maji yakiufikia mstari huo, arudi alikotoka. Na kama maji yanakwenda kasi, asiingie, hata yakiwa chini ya mstari. Auchore chombo kikiwa kikavu, kabla hajauona mto na kabla hajawa na abiria wanaomhimiza avuke.